Ualimu unakumaliza na watoto wanakusubiri nyumbani: namna ya kufika kwao ukiwa bado na kitu

Hii ni ya mwalimu mwenye mtoto nyumbani, awe mmoja au wanne, wa kunyonya au mwenye ndevu. Sikupi ratiba ya rangi rangi ya kugawa masaa, kwa sababu masaa sio ishu kubwa kama tunavyodhani. Kuna walimu wanatoka kazini mapema kuliko majirani zao wote na bado wanafika nyumbani hawana hata neno la kumwambia mtoto. Kinachoisha ni uvumilivu, na uvumilivu ni akaunti moja tu, unaotumia kwa watoto wa watu ndo huohuo unaotakiwa kumpa wako jioni.

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika kuhusu kazi ambazo mtu analipwa pamoja na kuonyesha hisia fulani, yeye aliwachunguza wahudumu wa ndege ambao lazima watabasamu hata abiria akiwa mkorofi kiasi gani. Mwalimu yumo humohumo, tena bila kupumzika, maana unaingia darasani umekasirika unajifanya mchangamfu, alafu dakika tano baadae mtoto kafanya kitu cha kuchekesha kweli na we unatakiwa ujifanye mkali. Siku nzima unavaa uso. Ukifika nyumbani uso unavuka, na anayekutana na kilichobaki chini yake ni mwanao.

Kwaiyo hatua zote hapa chini zinahusu kitu kimoja: kubakiza. Huhitaji kuzifanya zote kwa mpigo, zingine hazikuhusu kabisa, ruka.

1. Jua hasa nini kinakukera

Kwa wiki moja, kila ukipandisha hasira kazini andika mstari mmoja, saa na sababu. Usiandike insha. "Kipindi cha mwisho, kelele." "Kikao kimeitishwa ghafla." "Yule kijana hajaleta daftari tena." Wiki ikiisha soma yote mfululizo.

Wengi wakifanya hivi wanakuta kitu ambacho hawakutegemea, kwamba wanafunzi sio chanzo kikubwa. Chanzo ni watu wazima: fomu ileile inajazwa mara mbili, ratiba imebadilishwa bila taarifa, mzazi katuma meseji ya lawama usiku, kikao cha saa nzima kwa jambo ambalo lingeandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ni muhimu kulijua hili maana ukiamini kwamba "watoto wananichosha" basi mtoto yeyote atakayesogea mbele yako jioni anakuwa mshitakiwa, wakati aliyekuchosha ni fomu, na fomu haijamwaga maji sebuleni.

Alafu gawa ile orodha mafungu matatu. Yale unayoweza kubadili mwenyewe kesho bila kuomba ruhusa ya mtu. Yale ya kupeleka kwa mkuu wa shule au kwa mwalimu wa taaluma, na ukiyapeleka nenda na pendekezo, usiende na malalamiko matupu maana malalamiko yanasikilizwa kwa heshima na kusahaulika. Fungu la tatu ni yale ambayo sio yako, na hapa ndo pagumu. Mwanafunzi anayekuja na njaa, anayesinzia kwa sababu usiku nyumbani kwao kuna ugomvi. Huyo unamripoti kwa anayehusika na ustawi wa wanafunzi, unafuatilia kama hatua imechukuliwa, unamwangalia kwa jicho la huruma darasani, na baada ya hapo kumbeba kichwani usiku kucha hakumsaidii yeye na kunamnyima mwanao. Ni rahisi kuandika, najua.

2. Punguza madaftari yanayokuja nyumbani

Hakuna kitu kinachoiba jioni ya mwalimu kama kusahihisha, na ubaya wake ni kwamba hata usiposahihisha kinakuibia tu. Lile begi la madaftari limekaa kwenye kochi, hujalifungua, unacheza na mtoto huku jicho moja liko kwenye begi, mwisho unalala bila kusahihisha na bila kucheza vizuri. Asubuhi unalirudisha shule kama lilivyokuja.

Kwanza acha kuweka alama na maoni kwenye kila kazi. Ruth Butler alichapisha mwaka 1988 utafiti aliofanya na wanafunzi wa Israeli, kundi moja likapewa maoni tu, lingine alama tu, lingine vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndo walifanya vizuri zaidi baadae, na wale wa vyote viwili hawakupata ile faida ya maoni. Ukifikiria inaeleweka, mtoto akiona 6 kati ya 10 anaangalia ya jirani yake ana ngapi basi, maelezo yako ya mistari mitatu uliyoandika saa nne usiku hayasomi. Kwaiyo amua kabla hujaanza: zoezi hili ni la alama au la maoni? Ukichagua kimoja umepunguza kazi na hujamwibia mwanafunzi chochote.

Pili, sahihisha wakati wanaandika. Wakianza zoezi zunguka na kalamu, watano wa mstari wa mbele leo, watano wengine kesho, weka tiki, kata, uliza swali moja, endelea. Kipindi kikiisha hao watano umeshawamaliza na wamepata majibu wakiwa bado wanakumbuka walichokuwa wanafikiria.

Tatu, maswali ya jibu moja (kweli au si kweli, ya kuchagua, hesabu fupi) wasahihishe wenyewe na kalamu ya rangi tofauti we ukisoma majibu. Watadanganya wachache. Wachache hao unawajua tayari.

Nne, makosa yanayojirudia usiyaandike kwenye madaftari arobaini, yaandike kwenye karatasi moja, kesho yafundishe ubaoni dakika kumi. Wanafunzi wako hawakosei kwa njia arobaini tofauti, wanakosea kwa njia nne au tano.

Na la mwisho hapa, kama unafundisha madarasa manne usikusanye madaftari ya madarasa yote siku moja, pishanisha. Ijumaa usikusanye chochote kabisa, ukikusanya Ijumaa umejialika kazini wikiendi.

Kuna insha na miradi ambayo lazima uikalie, hilo halina ujanja. Hiyo itengee siku maalum, mwambie mwenza wako au yeyote unayesaidiana naye mapema, na mtoto pia aambiwe: "Jumatano nasahihisha, Alhamisi niko na wewe." Watoto wanavumilia sana kitu wanachokijua, kinachowatesa ni mzazi ambaye yupo ila hayupo.

3. Funga kazi kabla hujatoka getini

Watafiti wawili, Masicampo na Baumeister, walionyesha mwaka 2011 kwamba kazi isiyomalizika inaendelea kuingilia mawazo ya mtu hata akiwa anafanya kitu kingine, ila mtu akiiwekea mpango unaoeleweka, ule usumbufu unapungua hata kama kazi yenyewe hajaigusa bado. Kwa mwalimu hii ni dhahabu, kwa sababu kazi yetu haiishi hata siku moja, ukisubiri kumaliza ndo utulie utatulia siku ya kustaafu.

Kabla hujabeba begi kaa dakika tano. Andika kilichobaki, utakifanya lini, na utaanzia wapi. Isiwe "kuandaa somo", iwe "andalio la kidato cha pili, kipindi changu cha wazi cha kesho asubuhi, naanza na yale maswali ya mwisho wa sura". Acha karatasi hapohapo mezani. Isipande na wewe gari.

4. Njiani

Usisikilize voisi za grupu la walimu ukiwa unarudi. Zile voisi ni kikao cha pili, tofauti ni kwamba hiki hakina posho. Kama unatembea, tembea. Kama unasafiri, angalia nje, sikiliza kitu kisichohusu shule, au kaa kimya tu.

Mwenye bahati mbaya hapa ni anayeishi nyumba za shule, au anayetoka pamoja na watoto wake hivyo hana njia ya peke yake. Wa nyumba za shule azunguke makusudi, apite njia ndefu, na akifika abadilishe nguo kabla ya kitu kingine chochote. Wa kutoka na watoto awaambie ukweli: "mama anapumzisha masikio mpaka tufike, alafu mtanihadithia yote." Hata wa miaka mitano anaelewa, hasa akiona ahadi inatimizwa.

5. Dakika za kwanza nyumbani

Hapa ndo nakaa kidogo maana ndipo siku inapoharibika au kupona.

Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anatakiwa kulala kati ya masaa 9 na 12 kwa usiku. Piga hesabu mwenyewe: toka unapofika mpaka anapolala kuna muda gani? Toa kuoga, toa kula, toa homuweki. Kinachobaki ni kidogo sana, na robo saa ya kwanza ndo inaamua kilichobaki kitakuwaje. Ukiingia na swali la "mbona viatu viko hapa" jioni nzima itakuwa ya viatu.

Ingia, kaa chini, chini kweli, usawa wa macho yake. Simu iwe chumba kingine, sio mfukoni. Usianze na "umesoma nini leo", hilo ni swali la mkaguzi. Na mtoto naye kashinda siku nzima akijizuia, kakaa kwenye kiti, kapanga foleni, kanyamazishwa, ndo maana anakuja kulipukia kwako kwa kitu kidogo kama soksi. Mwalimu wake anasema ni mtulivu sana. Usichukie ukisikia hivyo, wanafunzi wako wengi watulivu ndo hivyo hivyo wanavyowafanyia mama zao jioni. Analipukia kwako kwa sababu kwako ni salama.

Robo saa hiyo mwachie yeye aongoze. Kama anataka muwe magari, kuweni magari. Na sheria ni moja, usiulize swali ambalo jibu lake unalijua. Walimu tuna ugonjwa huu, siku nzima tunauliza vitu tunavyovijua, "hii rangi gani?", "magari mangapi haya?", "inaanza na herufi gani?", na mchezo unageuka mtihani wa mdomo bila hata kutaka. Uliza kile usichokijua. "Huyu anaenda wapi?" "Kwa nini amekasirika?" Alafu subiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyerekodi walimu wa sayansi darasani, alikuta mwalimu wa kawaida akiuliza swali anasubiri kama sekunde moja tu kabla hajaingilia, na walipojifunza kusubiri kama sekunde tatu majibu yakawa marefu na waliokuwa hawaongei wakaanza kuongea. Nyumbani subiri zaidi ya hapo. Mtoto anayetaka kukwambia jambo zito huwa anaanza na jambo la kijinga, ukimkatisha kwenye la kijinga zito unalikosa.

Raha ya uzazi ipo humo. Hakuna mtaala, hakuna lengo la somo, hakuna mtu atakayekuja kukagua, na mtu mdogo anakueleza kwa umakini mkubwa kwamba mwezi unamfuata yeye peke yake. Kwa mtu ambaye toka asubuhi kila alichofanya kilikuwa na fomu yake, hiyo ni dawa kubwa kuliko kulala.

Una kijana mkubwa? Hapo hamna magari wala kukaa chini. Kaa sehemu ambayo anapita, fanya kitu cha mikono, usimwangalie sana. Wakubwa wanaongea mkiwa bega kwa bega, uso kwa uso wanajiona wako ofisini kwa mwalimu wa nidhamu.

6. Sauti

Sikiliza sauti yako jioni. Ile ya darasani inayofika mpaka benchi la nyuma, ukiitumia kwenye chumba chenye watu watatu inasikika kama ugomvi hata kama umesema "leta maji". Na koo likichoka linakufanya uonekane mkali hata bila hasira. Kunywa maji vipindini, tumia kengele au kupiga makofi kuita darasa badala ya kupaza sauti, geuka waangalie kabla hujaongea, usiongee ukiwa unaandika ubaoni. Kunong'ona hakupumzishi koo kama watu wanavyodhani, bora kunyamaza kabisa. Uchakacho ukizidi wiki tatu mwone daktari.

7. Homuweki ya mwanao

Mwalimu ndo mwalimu mbaya kuliko wote kwa mtoto wake mwenyewe. Darasani mwanafunzi akikosea mara tano unaeleza mara ya sita kwa tabasamu, nyumbani mwanao akikosea mara mbili umeshaona maisha yake yote yameharibika. Sababu ni woga, huna woga huo kwa watoto wa wenzio.

Kwaiyo kama kuna mtu mwingine wa kusimamia homuweki, mwachie: mwenza, dada yake mkubwa, shangazi, hata asiyejua somo, maana anayetakiwa ni wa kukaa pembeni. Kama ni wewe tu, weka muda mfupi na ukiisha funga daftari hata kama haijakamilika, mwandikie mwalimu wake kwamba ameishia hapa na hajaelewa hiki. Wewe kama mwalimu ungefurahi kupata taarifa hiyo, mwenzio naye atafurahi.

Na usimlinganishe na wanafunzi wako. "Kuna mtoto darasani kwangu wa umri wako anasoma vizuri" ni sentensi ambayo mtoto haisahau. Badala yake tumia ujuzi wako kwa faida: we umeona mamia ya watoto, unajua waliochelewa kusoma wakaja kuwapita waliowahi, unajua utundu wa darasa la tatu unapita. Wazazi wengine hawana hiyo picha, wanapaniki kwa kila kitu. Wewe unaweza kulala usingizi. (Ila jicho lako likikwambia kweli kuna tatizo usilinyamazishe kwa aibu ya kwamba mtoto wa mwalimu hawezi kuwa na tatizo.)

8. Akisoma shuleni kwako

Kubalianeni jina. Getini ukiingia ni mwalimu, ukitoka ni mama au baba. Waambie wenzako kwa upole wasikupe ripoti ya mwanao kwenye stafu rumu katikati ya mazungumzo mengine, wafuate utaratibu uleule wanaofuata kwa mzazi mwingine, vinginevyo kila kosa dogo la mtoto litakufikia ndani ya dakika kumi na utarudi naye nyumbani umeshamhukumu. Mtihani wake asahihishe mtu mwingine. Na alichokifanya shuleni kikimalizwa shuleni, kisifunguliwe kesi upya mezani usiku, mtu haadhibiwi mara mbili.

9. Ukilipuka

Utalipuka. Kuna jioni utampigia kelele mtoto kwa kitu ambacho hakistahili. Ed Tronick, aliyechunguza kwa miaka mingi mama na watoto wachanga, alionyesha kwamba hata wale wenye uhusiano mzuri kabisa wanaendana sehemu ndogo tu ya muda, kama asilimia 30, muda uliobaki wanapishana na kurekebishana. Yaani kurekebisha ndo kazi yenyewe.

Kuomba msamaha kwa mtoto kuwe kufupi. "Nimekupigia kelele, hukustahili, samahani. Nilikuwa nimechoka na kazi na huo sio mzigo wako." Basi. Usiweke "lakini na wewe bwana", hiyo "lakini" inafuta yote yaliyotangulia. Usimlazimishe akukumbatie hapohapo, wengine wanahitaji muda. Kama kuna kosa alilofanya kweli, liongelee baadae, peke yake.

Ukijisikia hasira inapanda kabla haijalipuka, tumia mbinu unayoitumia darasani: shusha sauti, sogea taratibu, sema kitu kimoja tu. Inashangaza mbinu zote tunazozijua kuhusu darasa huwa tunaziacha mlangoni na kubeba hasira peke yake.

10. Kuongelea kazi nyumbani

Usikae kimya, kukaa kimya kunakuja kutokea sehemu nyingine. Tafuta mtu mzima, mwenza au mwalimu mwenzio kwa simu, mwambie una dakika kumi za kulalamika na hutaki ushauri. Zikiisha zimeisha. Watoto wasiwe wanasikiliza, kwa sababu mtoto anayesikia kila siku mama anavyosema wanafunzi wanamchosha anaanza kujiuliza na yeye je? Wabebee stori za kuchekesha za darasani, bila majina, hizo watazipenda mpaka watakuwa wanaziomba.

Mzazi anayelea peke yake hana wa kumpokea mtoto dakika hizo kumi. Wengi wanapeana zamu na mwalimu mwingine wa hali hiyohiyo: leo wanao wako kwangu saa moja, keshokutwa wangu wako kwako. Walimu tunajua kukaa na watoto wengi, wawili wa ziada sio kitu.

11. Meseji za wazazi

Kikao cha kwanza cha muhula sema wazi unajibu meseji kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na dharura ipigwe wapi. Alafu ufuate wewe mwenyewe. Ukijibu mara moja saa nne usiku kwa sababu swali lilikuwa dogo, umeshawafundisha kwamba uko kazini saa nne usiku. Zima notifikesheni za lile grupu, na kama unaweza laini ya kazi iwe tofauti.

12. Ukirudi kazini toka uzazi

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 183 wa mwaka 2000 unataja likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na haki ya mama anayenyonyesha kupata mapumziko ya kunyonyesha kwa siku au kupunguziwa masaa ya kazi. Unazibana nchi zilizouridhia, na nchi nyingi zina sheria zake, kaisome yako kabla hujaenda kuongea na mtu. Hata lile pendekezo la UNESCO na ILO la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu, ambalo ndo linakumbukwa kila tarehe 5 Oktoba Siku ya Walimu Duniani, lilishagusia walimu wanawake wenye majukumu ya familia.

Tatizo la ualimu ni kwamba huwezi kutoka katikati ya kipindi ukaacha darasa. Mtu wa ofisini ananyanyuka tu. Kwaiyo haki ya kunyonyesha kwa mwalimu inaishi au kufa kwenye ratiba, nenda kwa anayepanga ratiba kabla hajaanza kuipanga, na ombi lililoandikwa, ukitaja vipindi gani uachwe wazi na ukitaja chumba chenye mlango unaofungwa kama utakamua shuleni. Ratiba ikishabandikwa ukutani kuibadilisha ni vita. Akina baba nao waombe vipindi vya kwanza viwe wazi siku za kliniki, wengi hawaombi kwa sababu hawajawahi kuona baba akiomba.

13. Peleka kidogo cha nyumbani darasani

Kidogo. Mzazi anaona vitu mwalimu asiye na mtoto anaweza kuvichelewa: kwamba yule asiye na daftari huenda daftari limelowa, kwamba mzazi asiyekuja kikaoni huenda yuko zamu. Ukimpigia mzazi anza na zuri la mtoto wake, unajua wewe mwenyewe moyo unavyoruka ukiona namba ya shule. Ila usijigeuze mzazi wa darasa zima. Arobaini ni wengi, na wana wazazi wao.

14. Uchovu ukizidi kawaida

Christina Maslach, aliyeutafiti uchovu huu wa kazini toka miaka ya 1970, anauelezea kwa mambo matatu: umeishiwa nguvu kabisa, unaanza kuwaona unaowahudumia kama vitu, na unaamini hufanikishi chochote kazini. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuweka kwenye ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya, kama hali inayotokana na kazi, halikuuita ugonjwa, na lilisema uhusu mazingira ya kazi tu.

Hapo una kipimo cha kuanzia, japo sio cha daktari. Kama wikiendi ukiwa na wanao unacheka kweli na Jumapili jioni tumbo linakaza, tatizo linaweza kuwa kazi: vipindi vingi mno, shule yenyewe, au ni wakati wa kuomba kubadilishwa darasa. Ila kama hata mtoto wako akikukimbilia huhisi chochote, wiki mbili zimepita, usingizi umepotea au unalala kupitiliza, hilo limevuka ualimu. Nenda kwa daktari na umwambie hivyohivyo. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru usisubiri hata hizo wiki mbili, mwambie mtu leo.

15. Mitihani na likizo

Wiki za mitihani na ripoti hazina mizani, usijidanganye. Ziandike kwenye kalenda ya nyumbani mapema, watoto waone zinaanza lini na zinaisha lini, wapewe kazi ya kukata siku. Wiki hizo shusha viwango vya kila kitu kingine, nyumba ikae ilivyo, nguo zikunjwe au zisikunjwe. Kitu kimoja tu usikiguse, ile robo saa, hata ikibidi iwe dakika saba.

Likizo ikifunguka, siku mbili tatu za mwanzo usipange safari wala wageni, mwili wa mwalimu huwa unasubiri kufunga shule ndo uumwe mafua. Lala. Mtoto akiuliza mnaenda wapi mwambie mnaenda keshokutwa. Na kama kuna maandalizi ya muhula mpya, yapange siku zake za mwishoni, asubuhi, masaa yanayojulikana, begi la madaftari likae huko huko shule.